Deni la Mtawala kwa Mshika Forodha

Mgeni ashukaye gatini Lamu huiacha bahari nyuma yake na kukabiliwa na safu ya nyumba za mawe mbele yake, na baina ya viwili hivyo pana ukanda mwembamba wa nchi kavu ambao kwa karne nyingi ndio uliokuwa mlango wa hazina ya kila dola iliyopata kuvitawala visiwa hivi. Kwani hapo ndipo pembe za ndovu, ngozi, boriti, ufuta, samli na mtama vilipopimwa na kuhesabiwa kabla ya kupakiwa majahazini, na hapo ndipo tende, vyombo vya kauri, mazulia na nguo za Marikani zilipofunguliwa hadharani, mwenye mali akisimama upande mmoja na mwenye daftari upande wa pili. Ushuru wa namna ile haukuhitaji wakili wa kuufafanua. Ulionekana kwa macho, ulitolewa mara moja, na ukisha kutolewa mali ilikuwa huru kupanda vichochoro vya mji na kuingia madukani pasina mtu kuiuliza tena itokako.

Neno ushuru tumelirithi kwa Waarabu, ambao kwao ushuri ni fungu moja katika mafungu kumi. Na mafakihi husimulia kwamba tangu zama za Khalifa Umar bin al-Khattab watoza ushuru wa njiani walichukua fungu la kumi kwa mfanyabiashara atokaye nchi isiyo na amani na Waislamu, nusu ya fungu hilo kwa dhimmi, yaani asiye Mwislamu aishiye chini ya himaya ya Waislamu, na robo yake kwa Mwislamu, ambaye robo hiyo kwake ilihesabiwa kuwa ni zaka ya mali yake. Katika pwani yetu kiasi kilichokuja kutia mizizi ni ile nusu. Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Maskati na Unguja, alipofunga mkataba na Wamarekani mwezi wa Septemba 1833, kwa mkono wa mjumbe wao Edmund Roberts, ushuru wa shehena zao ziteremshwazo katika bandari zake uliwekwa kuwa tano katika mia, na Waingereza mwaka 1839 na Wafaransa mwaka 1844 wakapata sharti kama hilo hilo. Nalitaja jambo hili kwa makusudi, kwa sababu wako wanaodhani kwamba zamani za masultani ushuru ulikuwa ni matakwa ya mtawala aamkavyo asubuhi, ilhali ukweli ni kwamba kiasi chake kiliandikwa, kikatiwa sahihi, na mwenye jahazi alikijua kabla hajang'oa nanga.

Lamu iliingia chini ya himaya ya Maskati mwanzoni mwa karne ya 19, baada ya vita vya Shela, ambapo watu wa Lamu waliwashinda watu wa Pate pamoja na Mazrui wa Mombasa, kisha, wakichelea kisasi, wakapeleka ujumbe kumwomba Seyyid Said awalinde. Ngome ikakamilika mnamo 1821, liwali akawekwa, na bendera nyekundu ikapandishwa. Lakini liwali hakuwa ndiye mtoza ushuru, na hapa ndipo penye siri ya utawala ule. Forodha ilitolewa kwa ijara: mfanyabiashara mmoja, au nyumba moja ya biashara, iliafikiana na Seyyid juu ya jumla ya riale itakayotolewa kila mwaka, ikapewa haki ya kutoza katika bandari zote za pwani, ikaweka mawakili wake katika miji, na kilichozidi juu ya ile jumla kikawa faida yake, kama vile kilichopungua kilivyokuwa hasara yake. Tangu miaka ya 1830 ijara hiyo ilikuwa mikononi mwa Jairam Shivji, Banyani wa Kutch, na nyumba yake ikaendelea kuishika muda mrefu baada ya yeye mwenyewe kurejea kwao, hata ilipofika 1876 ikamwangukia mfanyabiashara mwingine, Taria Topan.

Wanahistoria wameandika mengi juu ya utajiri wa washika forodha hawa, nami sina haja ya kuyarudia. Lililo muhimu kwangu ni kwamba mshika forodha hakuwa mtoza tu bali alikuwa mkopeshaji pia. Seyyid alipohitaji fedha za marikebu, za askari, au za matumizi ya jumba lake, hakusubiri kusi igeuke na majahazi yarudi. Alituma kwa mshika forodha, naye akatoa, akaandika katika daftari, na mwaka ulipokwisha hesabu ikatazamwa ni nani amdaiye mwenziwe. Mara nyingi mdeni alikuwa ni Seyyid. Seyyid Majid, mwanawe Seyyid Said, alipofariki mwaka 1870 aliacha deni kubwa kwa nyumba ya Jairam, na jambo la deni hilo likawa miongoni mwa mambo ya awali yaliyomkabili nduguye, Seyyid Barghash, alipokalia kiti. Hivyo tunao, karne moja na nusu iliyopita, mfano ulio wazi kabisa wa mtu anayeikusanyia dola mapato yake na papo hapo akaidai dola hiyo fedha asiyoweza kuikamata kwa nguvu, kwa kuwa hakuna kadhi awezaye kumtia mtawala kifungoni kwa deni. Msomaji na alikumbuke jambo hili, kwa maana tutalirudia.

Kabla ya karne ile kwisha forodha ya Lamu ilipata sifa ambayo watu wengi wa mji wenyewe hawaijui. Wajerumani, walioingia Witu mwaka 1885 kwa mlango wa ndugu wawili, Clemens na Gustav Denhardt, na wa urafiki wao na Sultani Ahmad aliyeitwa Simba, walitaka kampuni yao ya Witu ipewe ijara ya forodha ya Lamu. Na Waingereza, kwa jina la Kampuni ya Kifalme ya Afrika Mashariki ya bwana William Mackinnon, walisema kwamba ahadi ya ijara hiyo walikwisha kupewa wao. Ikhtilafu ikawa kubwa hata serikali mbili za Ulaya zikaafikiana kumweka hakimu wa kuamua, naye akawa Baron Lambermont, waziri wa dola ya Ubelgiji, aliyetoa hukumu yake tarehe 17 Agosti 1889. Alisema kwamba hakuna katika pande mbili aliyethibitisha haki ya kumshika Sultani wa Unguja, na kwa hiyo Sultani huyo, Seyyid Khalifa, alikuwa huru kumpa ijara amtakaye. Kampuni ya Waingereza ndiyo iliyoipata. Fikiri basi: watu walikaa Ulaya wakapekua barua na ahadi za maneno kwa ajili ya ule ukanda mwembamba wa mchanga, na wenye majahazi waliotoa ushuru huo hawakuulizwa hata neno moja.

Yaliyofuata nitayapita kwa haraka. Kampuni ilishindwa na gharama zake, na mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikaitwaa nchi, ikimlipa Sultani wa Unguja kodi ya kila mwaka kwa ajili ya ukanda wa pwani wa maili kumi, Lamu na visiwa vyake vikiwamo. Forodha ikawa idara ya serikali, yenye karani, mizani na mihuri. Mwaka 1917 forodha za Kenya na Uganda zikaunganishwa, na mwaka 1949 ya Tanganyika ikatiwa pamoja nazo. Tarehe 8 Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Unguja, Sheikh Muhammad Shamte, wakatia sahihi mkataba uliouondoa ukanda wa pwani katika milki ya Sultani, na mwezi wa Disemba Lamu ikaingia katika uhuru ikiwa sehemu ya Kenya. Lakini bandari yake ilikuwa imekwisha kudhoofika zamani, Mombasa ikiwa imechukua reli na meli zote. Vita vya Shifta vikawahamisha Wabajuni wengi wa bara na visiwa vya kaskazini. Na hata biashara ya boriti za mikoko, iliyokuwa imeifungamanisha Lamu na Ghuba kwa karne nyingi, ikakatwa pale serikali ilipopiga marufuku kuzitoa nchini mwaka 1982. Mji uliozoea kutoza ushuru wa bahari ukawa umebaki na bahari isiyo na shehena.

Na katika wakati huo huo dola nayo ilikuwa ikiondoa macho yake baharini na kuyaelekeza dukani. Mwaka 1973, Mwai Kibaki akiwa Waziri wa Fedha, Kenya ilitunga sheria ya kodi ya mauzo, kama Tanzania ilivyokuwa imefanya mwaka 1969. Kodi ile ilitozwa penye kiwanda na penye mwagizaji wa bidhaa za ng'ambo, wala haikumfikia mwenye duka wa mtaa wa Langoni wala wa Mkomani mjini Lamu kwa sura ya kuonekana. Ilimjia imefichwa ndani ya bei ya bidhaa aliyoinunua Mombasa, naye akaipitisha kwa mteja wake bila ya wote wawili kujua ni kiasi gani. Nadhani hapo ndipo tulipopoteza kitu ambacho hatujakirejesha, nacho ni ule ujuzi wa mtu wa kawaida wa kujua ametoa ngapi na amempa nani. Mvuvi wa Kizingitini anunuaye nyavu hutoa ushuru mkubwa kuliko aliotoa babu yake mwenye dau, na bado atakwambia kwa yakini kwamba yeye halipi kodi.

Tarehe 1 Januari 1990, George Saitoti akiwa Waziri wa Fedha, kodi ya mauzo ikaondoka na mahali pake ikawekwa Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo watu huiita VAT. Kodi hii haikai penye kiwanda peke yake, bali hutembea pamoja na bidhaa: mwenye kiwanda humtoza mwenye ghala, mwenye ghala humtoza mwenye duka, mwenye duka humtoza mnunuzi wa mwisho, na kila mmoja katika mnyororo huo huipelekea serikali ile kodi aliyotoza baada ya kuondoa ile aliyotozwa. Kiasi chake cha kawaida kimekuwa 16 katika mia tangu 2003, isipokuwa muda wa Aprili hadi Disemba 2020, siku za maradhi ya korona, kiliposhushwa hadi 14. Anayepaswa kujiandikisha ni yule ambaye mauzo yake yanayotozwa kodi hufika shilingi milioni tano kwa mwaka. Na tangu Julai 1995 mwenye kuisimamia kazi hii ni Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, KRA kwa wasemao kwa ufupi.

Sasa turudi kwa mshika forodha. Tazama sheria hii ilivyomfanya mwenye duka: anatoza kwa niaba ya dola, anaweka daftari kwa ajili ya dola, anaishika fedha isiyo yake hata tarehe 20 ya mwezi ufuatao, na akichelewa hutozwa faini na riba. Amekuwa mshika forodha kwa kila namna, isipokuwa hakuna aliyemwita wakaafikiana juu ya ijara, wala hana faida katika kile atozacho. Nalisema hili si kwa kuilaumu sheria, kwa kuwa naamini kwamba mapato ya dola yakikusanywa hivi hukusanywa kwa uadilifu kuliko yakikusanywa kwa mabavu au kwa mkopo. Nalisema ili ieleweke kwamba fedha ile ni amana, na anayeila amefanya khiyana kama alaye mali ya yatima. Wako walioila. Wako waliouza bila stakabadhi, wakamtoza mteja kodi kamili na kuitia mfukoni, na ni kwa ajili yao ndipo mwaka 2005 serikali ikawalazimisha wafanyabiashara kununua mashine za kielektroniki za kuchapa risiti, jambo lililozusha malalamiko makubwa ya wenye maduka katika miji ya Kenya, kwa kuwa mashine ilikuwa ghali na mwenye kuilipia alikuwa ni mwenye duka mwenyewe.

Lakini amana ina pande mbili, na upande wa pili ndio uliosahauliwa. Katiba ya 2010 imeeleza jambo hili kwa maneno yasiyo na utata: kifungu cha 209 kimeipa serikali ya taifa peke yake haki ya kutoza kodi hii, na kifungu cha 210 kimekataza kodi yoyote kutozwa au kusamehewa pasipo sheria, kisha kikaongeza kwamba hakuna sheria iwezayo kumtoa afisa wa dola katika wajibu wa kulipa kodi kwa sababu ya cheo chake. Mwaka 2013 kaunti zikaanza kazi, Lamu ikiwa mojawapo. Na mwezi wa Septemba wa mwaka huo huo sheria mpya ya VAT ikaanza kutumika, ikiwa imepunguza sana orodha ya vitu vilivyosamehewa. Ghafla katika mji ambao mnunuzi mkubwa alikuwa mwenye hoteli, tena hoteli zenyewe zikiwa zimepigwa na utekaji wa wageni wa 2011 na kisha mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, mnunuzi mkubwa akawa ni serikali yenyewe: hospitali, skuli, zahanati, afisi, barabara, maboti.

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara wa Lamu anapata zabuni ya kupeleka saruji na mabati ya kukarabati zahanati katika kisiwa cha Pate, kwa shilingi 1,000,000, na juu yake kodi ya 160,000. Yeye mwenyewe ameinunua bidhaa Mombasa kwa 800,000 na kodi ya 128,000. Shehena inafika Mokowe kwa lori, inavushwa kwa jahazi, inabebwa kwa punda, inapokewa na kutiwa sahihi. Sheria inasema kwamba wajibu wa kodi huanza siku bidhaa ilipotolewa, au ankara ilipoandikwa, au malipo yalipopokewa, lolote litanguliapo. Na kwa kuwa malipo hayajapokewa, kilichotangulia ni bidhaa na ankara. Basi ikifika tarehe 20 ya mwezi ufuatao yampasa kuipelekea serikali tofauti ya 32,000. Mpaka hapo amekwisha kutoa mfukoni mwake 960,000, mbali na nauli na ujira wa wachukuzi, na katika kaunti hajapokea hata senti. Mwezi wa pili unapita, na wa sita, na mwaka. Serikali ya taifa imepata kodi yake juu ya mauzo ambayo serikali ya kaunti haijayalipa, na maskini yule yuko katikati, mkopeshaji wa zote mbili.

Hili si jambo la Lamu peke yake. Madeni ya kaunti kwa watu waliozipa bidhaa na kazi yamejaa katika taarifa za Msimamizi wa Bajeti mwaka baada ya mwaka, na Rais Uhuru Kenyatta aliamuru hadharani siku ya Madaraka ya 2019 kwamba yalipwe. Yako yaliyolipwa na yako yaliyobaki. Kaunti nazo zina hoja yao, kwamba mgao wao kutoka Nairobi huchelewa, na hoja hiyo ni ya kweli. Mwanasheria atasema kwamba sheria ya 2013 imemfungulia mdai mlango: kodi aliyoilipa juu ya deni lisilolipika anaweza kuidai irudishwe baada ya miaka kadhaa, au mdeni wake akitangazwa kisheria kuwa muflisi. Lakini serikali haifilisiki, na miaka hiyo kwa mwenye duka la mlango mmoja ni umri wa duka lenyewe. Zaidi ya hapo, taasisi za serikali zimefanywa mawakala wa kuzuia sehemu ya kodi hii wanapolipa, zamani 6 katika mia ya thamani ya bidhaa na tangu Novemba 2019 ni 2 tu. Kupunguzwa huko kulikuwa ni rehema kwa wafanyabiashara, maana wengi walikuwa wakidai marejesho ya kodi iliyozidi, na marejesho hayo nayo huchukua muda mrefu kutoka.

Watu hawakunyamaza. Kodi hii ilipowekwa juu ya mafuta Septemba 2018, kwanza 16 kisha ikashushwa hadi 8 kabla ya mwezi kwisha, wenye maboti waliifahamu haraka kuliko mtu yeyote, kwa sababu kisiwani petroli si ya starehe bali ndiyo barabara; na Julai 2023 ikarejeshwa 16. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipotaka kuutoza mkate, kifungu hicho kiliondolewa kabla ya kupigiwa kura, lakini ghadhabu ilikuwa imekwisha kuwaka, vijana wakaingia Bunge tarehe 25 Juni, roho zikapotea, na siku ya pili yake Rais William Ruto akakataa kuutia sahihi mswada wote.

Siku hizi ile mashine ya risiti imegeuka programu ndani ya simu. Tangu tarehe 1 Januari 2024 gharama ya biashara isiyokuwa na ankara ya kielektroniki iliyopita katika mtambo wa KRA, uitwao eTIMS, haihesabiwi katika kodi ya mapato, kwa hiyo mwenye duka wa Usita wa Mui, njia kuu ya mji, hulazimika kuidai ankara hiyo kwa kila amwuziaye bidhaa, kama yeye anavyodaiwa. Ng'ambo ya pili ya mlango wa bahari, huko Magogoni, bandari mpya ilipokea meli yake ya kwanza tarehe 20 Mei 2021, na maafisa wa forodha wamerudi kukagua shehena zinazotoka baharini. Katika mji wa kale, usiku wa kuamkia tarehe 20, mfanyabiashara yule wa saruji hufunga milango ya duka, hupeleka taarifa yake kwa simu, hulipa. Kisha hufungua daftari la karatasi ambalo bado hajakubali kuliacha, na katika ukurasa wa wadeni, mahali ambapo karani wa Jairam aliliandika jina la Seyyid, hunakili tena jina la kaunti na jumla ile ile ya mwezi uliopita.